Walivyotupatanisha Mimi na Bibi

Niliokoka kwa ajili ya maandazi. Nasema hivi mapema ili asije mtu akanitafutia sababu nzuri zaidi. Shuleni kwetu Korogwe, umoja wa wanafunzi Wakristo hukutana Jumamosi jioni, na baada ya sala kuna chai ya maziwa, maandazi, na watu. Maandazi ningeweza kuvumilia kuyakosa.

Likizo ikifika, bweni zima hufunga masanduku ya bati. Wenzangu wanakwenda stesheni na stendi huku wakitukanana kwa furaha, na mimi nabaki na mlinzi na paka wa jikoni. Baba yangu ni Mnyamwezi aliyeletwa na mkonge. Alikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Magoma mpaka bei ilipoanguka, akaenda kutafuta kazi kwingine, akasema atanitumia nauli nimfuate. Labda bado anaitafuta. Mama alifariki nikiwa sijui hata kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwetu ni wapi, humwonyesha kitanda.

Ndiyo maana nachekesha. Mtu anayechekesha hukaribishwa kwenye kila kitanda cha bweni, ingawa taa ikizimwa hurudi kwenye chake.

Sasa, kabla ya likizo iliyopita tulitangaziwa kwamba wanafunzi Wakristo kutoka ng'ambo, nchi moja ya baridi, wanakuja kwa safari fupi ya injili. Wangekaa kwenye kijiji cha ujamaa huko Handeni, wajenge zahanati pamoja na wanakijiji, wasali, waimbe, warudi kwao. Sisi wa umoja tungefuatana nao. Niliposikia likizo yote kutakuwa na watu, nilinyoosha mkono kabla tangazo halijaisha.

Wakanifanya mkalimani. Kiingereza changu nimekipata kwa kuwaigiza walimu. Ukimwigiza mwalimu muda mrefu, unajikuta umeyajua na yale aliyokuwa anafundisha, bahati mbaya ambayo haina dawa.

Mwenyekiti wetu alikuwa kijana wa kidato cha nne mwenye shingo ndefu na sala ndefu zaidi. Ilivuma kwamba wageni wakiridhika watamwalika mmoja wetu awatembelee kwao mwakani, na tangu siku hiyo alianza kuvaa sweta. Korogwe, jamani. Jua la saa saba mchana, mtu na sweta lake, anazoea baridi ya watu.

Tulikwenda kwa lori, juu ya mifuko ya saruji, tukafika wekundu kwa vumbi, weupe na weusi hatutofautiani. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao vya zamani na kupangwa kwa mistari, nyumba nyuma ya nyumba, kama wanafunzi paredi. Maji yalitoka kwenye lambo ambalo hata ng'ombe walilitazama kwanza kabla ya kunywa. Wengi walikuwa Waislamu, Wazigua wa siku zote. Walitupokea vizuri, wakatupa chumba cha darasa tulale, na kesho yake tukaanza kufyatua matofali.

Bibi nilikutana naye nikienda kuchota maji. Nyumba yake ilikuwa mstari wa tatu. Alikuwa mfupi, mkavu, anatwanga mahindi nje kana kwamba yamemkosea.

"We mrefu! Simama hapo. Wa wapi wewe?"

"Shikamoo, bibi. Natoka Korogwe."

"Marahaba. Korogwe si kabila. Baba yako nani?"

"Mnyamwezi, bibi. Wa mkonge."

Mchi ukasimama hewani. "Mnyamwezi?" Akageukia mlangoni, akamwita mumewe. "Baba we, toka uone! Mtumwa wangu aliyetoroka karudi!" Halafu, kabla sijajua nicheke au nikimbie, akainama, akashika mguu wangu kama anayekagua kwato ya mbuzi, akanivua kiatu. "Hiki nakiweka. Siku nyingine usipite kwangu ukitembea kama mwenye nchi."

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Wazee wanasema ni tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita huku na mizigo vichwani kwenda pwani, wakapigana na wenyeji mpaka pande zote zikachoka, zikaamua kutukanana badala yake. Mtani wako atakutukana, atachukua kitu chako, na kukasirika huruhusiwi. Na ukifa, yeye ndiye atakayekuja msibani kukuigiza na kuwachekesha watu wako. Haya baba alinieleza zamani, kambini, lakini kule kwenye mkonge kila mtu alikuwa amechoka mno hata kwa matusi. Nilikuwa sijawahi kuwa na mtani wangu mwenyewe.

Nikarudi kwenye ujenzi na kiatu kimoja. Jioni nikamkamata kuku wake, nikamfunga kamba nje ya darasa letu. Asubuhi bibi alikuja na mwiko.

"Mnyamwezi mwizi! Umerefuka hivyo, huko juu unatafuta nini? Akili haiko huko!"

"Nyie Wazigua ndio wa kulaumiwa," nikamjibu. "Mmemwomba Mungu mvua mpaka kachoka kelele, kahamia Lushoto!"

Akanifukuza kuzunguka tanuri la matofali, na wanakijiji wakaacha kazi kutazama. Mume wake alikuwa fundi seremala, mzee mpole, ndiye aliyekuwa anatengeneza milango ya zahanati. Babu huyu alisema maneno machache sana. Lakini sisi tukitukanana, aliweka randa chini, mabega yakaanza kutikisika, na baadaye kabisa ndipo kicheko kikatoka, chembamba, kama chai inayomiminwa.

Ikawa kila siku. Na kila siku, matusi yakiisha, nilikuta sahani ya ugali wa unga wa njano imefunikwa kwa ungo. "Kula, mtumwa. Ukifa njaa nitapata wapi mwingine?" Nilikula nimekaa kwenye vumbi la mbao la babu, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Sitaki kulipamba jambo hili. Nasema tu kwamba jioni nilikuwa nikirudi darasani naona hakuna haja ya kumchekesha mtu.

Kiongozi wa wageni alikuwa msichana wa chuo kikuu, mwenye miwani mikubwa na kamusi ndogo. Sisi tulimwita dada. Alikuwa mtu mwema kweli. Alibeba maji kichwani, akajimwagia yote, akarudi kuchota tena bila kulalamika. Yeye aliyaona haya yote. Alimwona ajuza akimkimbiza kijana kwa mwiko, akamsikia akimwita mtumwa, akatazama kwenye kamusi, akaona ndivyo hivyo hasa. Akaniona na kiatu kimoja.

Akaniita pembeni. "Yule mama anakuchukia kwa nini? Kwa sababu wewe ni Mkristo?"

"Hanichukii, dada. Ni utani. Ni mila."

"Mzaha unaomvua mtu kiatu si mzaha," akasema, na macho yake yalikuwa na maji.

Nikamtazama mwenyekiti anisaidie. Alijua. Mtanzania gani asiyejua utani? Akalivuta sweta lake, akamwambia kwa Kiingereza cha kanisani kwamba ndiyo, mila nyingine huku bado ni za giza, na ingekuwa vizuri tuombee upatanisho.

Walifanya ibada nje ya zahanati, jua likiwa bado liko juu. Bibi aliitwa, akaja amevaa kanga yake nzuri, akidhani anapewa dawa. Babu alikuja nyuma yake na kipande cha ubao mkononi. Dada akasema maneno yake polepole, na mkalimani, msomaji, nilikuwa mimi mwenyewe.

"Anasema," nikamwambia bibi, "sisi wawili tumekuwa na uadui."

"Uadui gani?"

"Anasema Mungu anataka tusameheane. Usiniite mtumwa tena. Unirudishie kiatu. Mimi nisikuibie kuku."

Bibi alinitazama kuona kama ndio utani wenyewe, wa aina mpya. Kisha akamtazama dada, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi, mikono ameiunganisha. Na bibi ni mtu wa adabu. Mgeni katoka kuvuka bahari, ana machozi, anakuomba kitu kimoja, utamwambiaje hapana?

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mimi na mtoto huyu hakuna neno tena. Mungu ni shahidi."

Niliposikia "Mungu ni shahidi" nilijua tumekwisha. Nikatafsiri. Wageni wakapiga makofi, wakaimba. Mmoja akatupiga picha tumeshikana mikono, tumesimama wima kama viongozi wa serikali waliotia saini. Babu alikuwa amesimama nyuma, mabega yake hayatikisiki.

Kesho yake kiatu changu kilikuwa mlangoni pa darasa. Kimesafishwa. Kimepakwa mafuta. Ndani kimewekewa jani ili kisinuke.

Nikapita mstari wa tatu.

"Hujambo, mwanangu," akasema bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeamkaje huko? Kazi inaendeleaje?"

Nadhani sijawahi kupigwa hivyo na mtu. Nilisimama na viatu vyangu viwili, nikasema kazi inaendelea vizuri. Siku iliyofuata nikamfichia mchi. Akaazima wa jirani. Nikamchukua kuku, nikamshika miguu mbele ya macho yake, akipiga kelele ya kuku anayeamini kafa. Bibi akasema, "Mchukue tu, mwanangu, mkale na wageni." Nikamrudisha chini taratibu. Nikamwambia ugali wa Wazigua unaweza kujengea zahanati bila saruji. Alifumba mdomo kwa nguvu, nikaona jibu linamtembea shavuni kama pipi, akalimeza. Sahani haikuwekwa chini ya ungo tena. Nilikaribishwa ndani, nikapewa kiti. Kiti! Nilikula kama mkaguzi wa elimu.

Wenzangu darasani waliniona nimepoa, wakasema Roho anafanya kazi.

Babu peke yake ndiye aliyesema kitu. Nilikuwa nimemshikia ubao akipiga msumari, na bila kuniangalia akasema, "Mmenizimia redio yangu." Akakohoa sana. Alikuwa akikohoa tangu tufike, sikuwa nimetilia maanani.

Alifariki zahanati ikiwa bado haina bati. Tuliamshwa na kilio kutoka mstari wa tatu, na kulipokucha balozi wa nyumba kumi akaja darasani, kavua kofia. Alitukuta tunakunywa uji.

"Tumekuja kumchukua mtani," akasema. "Kulikuwa na familia moja ya Wanyamwezi kule tulikotoka, lakini siku ya kuhama walipelekwa kijiji kingine. Hapa hakuna mwingine. Mzee hawezi kuzikwa kimya kama kuku."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Huyu amepatana na yule mama mbele za Bwana. Hawezi kwenda kumfanyia kejeli kwenye msiba."

"Si kejeli, ndugu. Wewe si mgeni wa nchi hii."

"Aende kama wenzake, akae kimya, aombe." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotegemea, jambo lililonitisha zaidi. "Ukienda kufanya mambo hayo, kwenye umoja wetu usirudi. Jumamosi usije. Mimi sitaki kugombana na wewe. Nakwambia tu."

Dada aliuliza balozi anasema nini. Mkalimani hakumjibu. Nilikuwa nazihesabu Jumamosi zangu. Niliona chai, benchi, watu wamejisogeza kunipa nafasi. Niliona bweni likizo ijayo, na paka. Nikamaliza uji, nikamfuata balozi.

Njiani niligundua kitu cha kuaibisha: sina mzaha. Mimi, niliyewahi kuwachekesha watu kwenye mtihani wa hesabu, kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Nilifika karakana ya babu, pale uani, nikaona koti lake limening'inia kwenye msumari, kofia yake, na uzi wake wa kupimia. Nikavaa koti. Mikono ilinifika kwenye viwiko. Nikavaa kofia. Nikakohoa kama yeye, kikohozi kile kile, na watu waliokuwa uani wakageuka kwa mshtuko.

Basi nikaanza kupima. Nilimpima mwenyekiti wa kijiji tumbo kwa uzi, nikatikisa kichwa. "Mlango wa mtu huyu utamaliza mbao za wilaya." Mtu mmoja akacheka, akajiziba. Nikaenda makaburini walikokuwa wanachimba, nikashuka kaburini, nikalala. Udongo ulikuwa wa baridi, jambo nililoshangaa, maana juu kulikuwa na joto. Nikatazama mbingu kipande kidogo, nikasema kwa sauti ya babu: "Nani kachimba? Pembe hazikai sawa. Bomoeni, mwanze upya. Na sitoki mpaka nipewe ugoro." Wakacheka, wakanirushia ugoro, wakanirushia na udongo. Wanaume wazima walikuwa wanacheka na kujifuta macho kwa mikono yenye matope.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ilikuwa bibi.

Nikarudi nyumbani kabla maiti haijatolewa. Wanawake walikuwa wamejaa chumba cha mbele, naye katikati, amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, uso hauonekani. Niliacha viatu mlangoni. Wageni wetu walikuwa wamekuja kutoa pole. Dada alikuwa amekaa karibu na ukuta, mwenyekiti wetu amesimama nje dirishani. Nikasimama kizingitini na koti la marehemu, nikakohoa.

"We mwanamke," nikasema. "Ugali wangu uko wapi?"

Kanga haikusogea. Alikuwa amemweka Mungu shahidi, na bibi si mtu wa kucheza na shahidi kama huyo. Kama asingejibu, basi utani ulikuwa umekufa mle ndani pamoja na babu, na mimi nilikuwa kijana tu wa kutoka Korogwe aliyevaa nguo za mtu asiye wake.

"Nimechoka na ugali wako," nikaendelea, na sauti ilianza kunitoka mikononi, si ya babu tena wala si yangu. "Miaka yote nakula udongo wa matofali. Sasa naondoka. Nakwenda kuoa Mnyamwezi. Wale wanajua kupika."

Mwanamke mmoja akavuta pumzi. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kanga ikainuka. Macho ya bibi yalikuwa mekundu, yalinitazama kofia, koti, mikono iliyojitokeza. Yalikaa sana kwenye uzi.

"Ee Mungu, nisamehe," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akajaza kifua. "Toka hapa, mtumwa we! Vua kofia ya mume wangu, chawa wako wasimfuate kaburini! Nani atakubali kuolewa na wewe, mti wa mkonge, labda mbuzi kipofu! Umenitorokea siku zote hizi, ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi, Mnyamwezi mbwa, naumwa na maneno tumboni?"

Na hapo ndipo alipolia. Tangu alfajiri, waliniambia baadaye, alikuwa hajatoa chozi. Chumba kizima kilicheka na kulia kwa pamoja, huwezi kujua nani anafanya lipi, na mimi nilikuwa kwenye sakafu, sijui nilifikaje, kichwa kwenye mkeka wake, akinipiga mgongoni kwa ngumi ndogo ngumu kama anatwanga.

Dada alitoka akikimbia. Nilimsikia nje akimwuliza mwenyekiti jambo, na mwenyekiti akisema pole, pole sana.

Babu alizikwa baada ya sala ya alasiri. Nilipotoka kuvua koti nikaona mlangoni kiatu kimoja. Nilitafuta kidogo, kwa adabu tu.

Safari ilikuwa inakaribia kwisha hata hivyo. Siku ya kuondoka lori lilipita mstari wa tatu, lakini bibi alikuwa kwenye eda, ndani, mlango umefungwa. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye mifuko mitupu ya saruji. Waliimba njia nzima mpaka Korogwe. Mimi huwa natia sauti ya chini. Siku hiyo wimbo ulikwenda bila sauti ya chini, na hakuna aliyegeuka. Dada alinitazama mara kadhaa, akatazama mguu wangu usio na kiatu. Tulipofika, alinishika mkono kuniaga. Kulikuwa na mengi ya kuelezana, na Kiingereza changu chote nilichowaibia walimu hakikuwa na neno la kuanzia. Akaniambia ananiombea. Nikamwambia asante.

Sasa Jumamosi jioni hukaa kwenye ngazi za bweni. Kutoka hapa maandazi yananukia, na ukinyamaza unasikia wakicheka, ingawa si mimi ninayewachekesha. Mwenyekiti bado ana sweta lake. Barua ya mwaliko haijaja. Paka na mimi tumezoeana, lakini paka hana matusi.

Juzi kwenye paredi mwalimu wa zamu alisimama mbele yangu, akatazama chini.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

"Handeni, mwalimu."

"Kinafanya nini Handeni?"

"Kimeshikwa, mwalimu. Kiko kwa watu wangu."

Wenzangu wakacheka, wakidhani nimeanza tena. Nikapewa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya jiko, na nilifyeka peke yangu mpaka kengele, mguu mmoja peku, nikitunga matusi, moja baada ya jingine, nitakayomwambia bibi siku ya kukifuata kiatu.